Papa Mzima, Asiyekatwa

3 Machi

Kwako Kaka,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wifi hamjambo. Mimi afya ninayo, ila moyo sina.

Mpwa wako ametimiza miaka mitatu juzi. Bado hasemi, na akitembea anashika ukuta. Safari hii daktari alimkata nywele kidogo akazipeleka kupimwa. Zimejaa zebaki, Kaka. Akaniuliza nilikula nini nikiwa na mimba yake. Nikasema papa wa kiwanda chetu cha samaki, mara tatu kwa wiki, kwa sababu mimi ndiye ninayempika kantini na wewe ndiye unayempima.

Barua yako ya wakati ule ninayo. Uliandika, "Kula, mdogo wangu, nimepima mwenyewe." Sasa niambie ulipimaje.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Pole sana. Hapa hatujambo, ingawa tangu barua yako ifike chakula hakinishuki.

Nikueleze. Samaki wadogo wana zebaki kidogo. Mkubwa akila wadogo, zebaki yao inabaki mwilini mwake, na kadiri anavyozeeka ndivyo inavyozidi. Kwa hiyo dagaa ukila hata mara tatu kwa wiki huna neno. Papa mkubwa, mtu mzima asizidishe kipande cha kiganja kimoja kwa wiki, na wiki hiyo asiongeze samaki mwingine. Mwenye mimba na mtoto mdogo wasimguse kabisa.

Papa walioletwa maabara walikuwa wadogo, urefu wa mkono. Hao walikuwa salama, na ndivyo nilivyoandika kwenye cheti. Mimi napima ninacholetewa. Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu. Tumwachie Mungu.

Kaka yako

2 Aprili

Kwako Kaka,

Hatujambo. Natumaini chakula kimeanza kushuka.

Nimemuuliza mtu wa stoo. Anasema papa mkubwa akinyofolewa kipande anashuka bei, kwa hiyo siku ya kupeleka maabara wanachagua watoto. Wakubwa wanauzwa wazima, na wakichacha kidogo wanaletwa jikoni kwangu. Kwa miaka mitano umepima papa watoto watupu. Hukujiuliza hata siku moja kama mama zao waliolewa mbali?

Yule mkurugenzi wetu tunamwita Bwana Cheti, maana karatasi yako ameitundika kantini ndani ya fremu, juu ya meza yake. Mimi ndiye ninayempakulia. Miaka yote hiyo anakula kuku au dagaa, na mimi nilimsifu kwamba hana makuu.

Maji hayazoleki, sawa, lakini aliyeyamwaga anajulikana. Binti yake ameanza kazi ofisini mwezi huu. Ana mimba ya miezi sita. Anakula kwangu kila mchana, na jana aliniambia kwa mdomo wake kwamba anapenda papa.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Sina hata nafasi ya kukujulia hali. Usifanye hivyo. Huyo binti hana kosa, na aliye tumboni ndiyo kabisa. Mimi mwenyewe nimekufundisha vipimo, usinifanye mwenzako katika jambo hili. Nijibu upesi.

Kaka yako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Wiki mbili huniandikii, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Mpwa wangu yu hali gani? Na yule binti?

Nitakuambia nililokuficha. Nilijiuliza. Mwaka wa pili nilimwandikia Bwana Cheti kwamba nataka papa mkubwa. Akajibu kwamba maabara ziko nyingi. Nikaogopa kazi yangu, nikanyamaza. Wiki ileile nilipata barua yako kwamba una mimba, unauliza kama ule papa, na nikakujibu ule. Chuki yako niletee mimi. Nakuomba, mwache binti wa watu.

Kaka yako

6 Mei

Kwako Kaka,

Salamu. Sisi wazima, na binti wa watu mzima pia. Mwezi mzima nilimwambia papa hajaja, nikampa leo dagaa, kesho kuku, mpaka akanichoka. Ulidhani mimi ni mtu wa namna gani?

Ila baba yake nilikuwa sijamaliza naye. Ijumaa ya mwisho wa mwezi anakula pamoja na wafanyakazi wote, na binti alikaa karibu naye. Nikampelekea sahani imefunikwa, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Leo nimekupatia papa mkubwa wa stoo yetu, yule mwenye cheti." Binti akafurahi, akakata kipande. Kabla hakijafika mdomoni, Bwana Cheti aliruka akaipiga sahani ikaenda chini.

Binti akamtazama baba yake, akatazama ukutani, akauliza, "Kwani si ni salama, baba?" Na chini hapakuwa na papa. Ni yule kuku wake wa kila siku, nilimmwagia mchuzi mwingi tu. Nilifurahi, Kaka. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Wanawake wa meza ya kukatia samaki wako kumi na mmoja, na wote wana watoto. Walikishusha cheti wakauliza nani aliyetia sahihi. Nikawasomea jina lako, taratibu, mara mbili. Nikawaambia huyu ndugu yangu, tumetoka tumbo moja. Barua yako ya tarehe 25 Aprili ilipofika, niliwasomea pia.

Jumatatu tunakuja maabara. Tunaleta papa mzima kwenye barafu, mkubwa kuliko wewe, nimemchagua mwenyewe. Utamkata mbele yetu, utampima, na utaandika utakachokiona. Mpwa wako nitakuja naye. Sitamwachia mwenzangu yeyote, nitamweka mapajani mwako, umshike vizuri maana anaanguka, mpaka utakapomaliza kuandika.

Mdogo wako