Mwamba Tulioupaka Rangi kutoka Mbali

Alhamisi, Novemba. Silicon Oasis, Dubai. Joto limepungua, nimefungua dirisha kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Sina utulivu.

Leo nilirudi kwenye milima ya Hatta na Chebet, Mkenya mwenzangu anayechora ramani ya miamba ya huko kwa kampuni moja ya upimaji. Bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Wiki iliyopita nilichapisha habari ya kazi yake: kwamba ule mgongo mweusi wa mlima, juu ya bonde, ni lava iliyomwagika chini ya bahari ya kale. Leo nilifuata picha tu.

Chebet alipasua jiwe kwa nyundo ili nipate picha nzuri. Lava hupoa upesi. Chembe zake huzioni kwa macho. Jiwe hili lilijaa chembe nyeupe na nyeusi, kubwa kama punje za mchele. Huo ni mwamba uliopoa polepole, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Weusi wa nje ulikuwa ganda tu, kazi ya jua na miaka.

Akapasua jingine. Na jingine. Yote kumi na moja yalikuwa vilevile.

"Hata mimi nimeungua na jua hivi kwa miezi mitatu," alisema. "Utaniita lava?"

Sikucheka. Naye hakucheka.

Kanuni ya kazi yao ni fupi: vunja kwanza, ndipo utaje jina. Lakini Agosti, kwa joto lile, aliutazama mgongo kwa darubini akiwa ndani ya gari, akaupaka rangi ya lava kwenye ramani. Mimi nikaiandika ramani yake kama ilivyo, bila kuuliza kama kuna aliyepanda.

Miaka ishirini ya uandishi, na sikuuliza.

Njiani kurudi aliniambia, "Kaka, sir akisoma kwako kabla sijamwambia, khalas, nimekwisha, mimi ni wa kurudi Kericho. Iache tu. Nani atapanda kule kuvunja mawe?"

Nilimwambia siwezi.

Kesho saa mbili asubuhi ataonana na huyo sir, bosi wake. Masahihisho yangu nimeyasogeza hadi saa nne, ili atangulie. Nimeandika kwamba kosa ni langu, lakini aliyeichora ramani anajulikana.

Nimeyasoma tena mara nne. Kila mara najiuliza: ningempa nafasi hiyo ya kutangulia kusema, kama kosa lingekuwa lake peke yake?