Kimea cha Usoni

Jumanne, 1 Julai

Anjela kapiga simu! Mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Anafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 19 kule Kaengesa — hilo nilishalisikia kwa watu. Leo ana shida na mimi, mama yake. Saluni bei haishikiki, na ngozi imempauka kwa huu upepo wa kipupwe. Kaona ile picha yangu ya Pasaka, uso unang'aa. Akauliza napaka nini. Nikasema vitu vya nyumbani tu, mwanangu. Basi nimfanyie na yeye! Uso, nywele, kucha, kila kitu, aje hapa Milanzi siku mbili kabla ya harusi.

Nikasema njoo, najua yote.

Sijui hata nusu! Ile Pasaka lilikuwa jasho. Jasho na mafuta ya alizeti ya kupikia.

Tangu mume wangu Alois afariki, na dada yake Monika amchukue mtoto akamlee Namanyere, Anjela hajalala chumbani kwangu. Alikuwa na miaka saba. Sasa nitamshika kichwa. Ee Mungu.

Jumatano, 2 Julai

Najifanyia majaribio. Parachichi na asali kichwani, mfuko wa nailoni juu, kilemba juu yake. Nikaenda hivyohivyo sokoni kuuza samaki wangu, migebuka. Uji wa kijani ukanichuruzika shingoni mbele ya mteja! Akaondoka hata chenji hakungoja.

Lakini nywele — laini! Nimekaa kitandani najishika mwenyewe. Hakuna wa kumwambia hebu shika hapa.

Mikono nimeisugua kwa limau na majivu. Bado samaki. Sitaki mwanangu anukie migebuka kanisani.

Alhamisi, 3 Julai

Unga wa ulezi unakwaruza mno, shavu linawaka. Nikawaza — kimea! Ulezi uliooteshwa ukisagwa unakuwa laini, na ninao, nilinunua wa togwa. Nimechanganya na asali na maji vuguvugu kwenye kopo. Asali ilikuwa imeganda kwa baridi, kwa hiyo kopo nimelisogeza karibu na jiko lipate joto. Jumamosi nitapaka kabla ya kwenda jumuiya. Watanikoma!

Jumamosi, 5 Julai

Aibu. Aibu tupu.

Kopo lilikuwa na povu. Nikaona vizuri, limeumuka, litakuwa laini zaidi. Nikapaka uso, shingo, mpaka nywele. Maji yalikuwa baridi ya kukata vidole, nikajisuuza juujuu nikakimbilia jumuiya. Tuko kwenye Salamu Maria, jirani yangu Fransiska anavuta pua. Anavuta tena. Tulipomaliza akaniuliza, kwa sauti ya wote kusikia, Stefania, asubuhi yote hii?

Mimi Mfipa mzima! Nimezaliwa mama yangu anapika pombe ya ulezi, nimekua anapika pombe ya ulezi. Halafu naweka kimea, maji na joto kwenye kopo moja naita dawa ya uso! Nilikuwa nanuka kilabu kizima.

Nikawaeleza. Wakacheka wakashika mbavu, nikacheka nao. Lakini kurudi hakuna aliyeongozana na mimi. Fransiska akaninong'oneza, tunaelewa, kukaa peke yako ni kazi. Hapo ndipo niliumia. Mimi pombe sinywi, na humu ndani hamna mtu wa kunitolea ushahidi.

Jumanne, 8 Julai

Yamefika Namanyere! Wifi Monika kapiga. Eti wifi, nasikia siku hizi unachangamka mapema. Nikamweleza habari ya kopo, mwanzo mpaka mwisho. Akacheka. Kimea cha usoni! Haya, wifi. Halafu sauti ikabadilika. Mtoto atatengenezwa hukohuko, kuna dada wa saluni, yeye atalipia. Mbele kanisani atakaa yeye, mimi nitaangalia nafasi huko nyuma.

Nikasema asante.

Mjinga mimi! Asante ya nini?

Jumamosi, 12 Julai

Jumuiya sikwenda. Nimechana nywele. Basi.

Jumatatu, 14 Julai

Naendelea kujipaka, sijui kwa ajili ya nani. Magaga yanaisha — maji ya moto na chumvi, jiwe, mafuta ya alizeti, halafu soksi. Miguu imekuwa kama ya mtoto. Nimemkumbuka Alois, alikuwa akinitania kwamba namchania shuka. Sasa shuka ni zima na kitanda ni changu peke yangu. Nimelia, nikapaka tena asali usoni maana ya kwanza ilishalowa.

Jumatano, 16 Julai

Ujumbe wa Anjela! Nakuja kesho na basi la asubuhi. Usimwambie mama.

Nimerukaruka kama kichaa, nimefagia, nimenunua tango na hina. Halafu nikausoma tena. Mama kwake ni Monika. Usimwambie mama.

Alhamisi, 17 Julai

Yupo! Yupo humu ndani!

Mrefu, kidevu cha baba yake. Kasema shikamoo, hakuniita kitu. Kanusa hewa, kauliza, vipi, leo hujapaka kimea? Tukacheka wote wawili. Hapo nikajua maneno yao hakuyaamini.

Nimemwosha nywele kwa maji ya moto. Kasema mikono yangu inanukia limau. Nikamwambia samaki wamejificha chini yake. Kule Namanyere kaaga kwamba anafuata viatu. Nikamwuliza kwa nini adanganye, anaolewa keshokutwa. Akasema ana kumbukumbu ya mtu anamsuka jikoni, akitingishika anapigwa kitana cha bega. Mama hajawahi kumpiga na kitana. Alitaka kujua huyo mtu ni nani.

Ni mimi! Nikamgonga na kitana begani, kidogo tu. Akatulia vilevile kama zamani.

Sasa ana asali usoni, tango machoni, hina kwenye kucha zote, mikono yote miwili nimeifunga nailoni. Hajiwezi kwa lolote. Naandika huku nangoja hina ishike. Mwanangu kalala kwenye kitanda changu, na mimi nipo pembeni yake. Sitaki hina ishike upesi.

Simu yake inaita, iko hapa mezani karibu na daftari. Kioo kimeandika MAMA.

Kauliza nani huyo. Nimemwambia tulia, asali itakuingia machoni.

Imekatika.

Inaita tena. Kanyoosha mikono yake ya nailoni hewani. Anacheka. Anasema nipokelee basi, bonyeza tu uniwekee sikioni.

Nani anapiga, anauliza. Imeandika nani?