Sharti la Shirin

Jumapili, mwezi wa tatu. Guangzhou.

Leo kuta zinatoka jasho. Kila mwaka majira haya ni hivihivi: hakuna mvua, hakuna jua, lakini sakafu ya bweni imelowa kama imepigwa deki sasa hivi, na nguo nilizofua Alhamisi bado mbichi. Nimefungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Sijui nataka hewa au nataka kimya.

Sijui wiki hii nimefanya wema au nimeharibu. Naandika, huenda nikajua.

Ninayeishi naye chumba kimoja ni Parwin, anasomea uzamivu wa kemia. Kwao ni Afghanistan. Yeye alitoka kabla watawala wa sasa hawajashika nchi na kuwafungia wasichana shule. Mdogo wake Shirin hakuwahi. Alikuwa darasa la nane walipofunga. Sasa ana miaka kumi na minane.

Tangu mwaka jana ninamfundisha biolojia kwa simu, mara tatu kwa wiki, saa kumi jioni huku, mchana kwao. Mimi nasomea famasia, kwa hiyo mwili wa binadamu naujua kiasi. Saa hizo baba yao yuko dukani, na mama yao hukaa mlangoni. Nikimsikia mama anakohoa mara mbili, nanyamaza. Shirin huwa na kitambaa na sindano mapajani. Mgeni akiingia, anamkuta anatarizi. Ana Kiingereza chake cha kuungaunga, nami nina changu cha Tanga. Tunaelewana.

Jumatatu hakutaka somo.

"Mwalimu," akasema, "nimeposwa."

Ni ndugu wa mbali wa baba yake, aliyefiwa na mke, miaka arobaini na moja, anaishi nchi nyingine ambako wasichana wanasoma. Amesema mke wake akitaka shule atakwenda. Baba ameridhika. Mama ameridhika zaidi. Ijumaa bwana huyo angepiga simu apewe jibu.

"Nikubali?"

Mimi ndiye niliyeulizwa. Mimi ambaye sijawahi kuchagua kitu kikubwa kuliko kozi ya kusoma.

Parwin alikuwa kitandani kwake anasikia yote. Akaninyang'anya simu, akasema na mdogo wake kwa lugha yao, kwa ukali. Alipokata akanigeukia: "Kumi na minane kwa arobaini na moja. Hiyo siyo shule, hiyo ni ndoa."

Nilitikisa kichwa kumuunga mkono. Lakini moyoni nilikuwa nawaza kinyume, na hili sijamwambia hadi leo. Niliwaza: atoke tu, mengine yatajulikana mbele. Kisha nikaona aibu, maana angekuwa mdogo wangu wa Tanga ningekopa nauli nikazuie.

Na kuna hili linalonivuruga zaidi ya yote. Wanaowafungia wasichana shule tunaelekea nao kibla kimoja. Sasa mimi alifu yangu ya kwanza nilifundishwa na mwanamke. Shangazi Mwanajuma, dada yake baba, alikuwa na chuo cha Kurani uani kwake, wavulana na wasichana, na fimbo ya mpera. Nikiwasikiliza wale nabaki najiuliza: huyo aliyenifundisha mimi alikuwa nani?

Jumatano nilikwenda kwenye maduka ya nguo ya mtaa wa Guangyuan Xilu kumtafsiria Mama Nuru, mfanyabiashara wa Mombasa anayekuja mara mbili kwa mwaka kununua magauni. Laoban, mwenye duka, alikuwa anatumwagia magauni mezani, naye Mama Nuru anakagua mshono mmoja mmoja. Nikamsimulia. Hakuinua macho.

"Mimi niliolewa na miaka kumi na saba ili nitoke kwa baba," akasema. "Nikatoka. Nikaingia jiko jingine."

"Kwa hiyo akatae?"

"Nimesema akatae? Bila yule bwana nisingeujua mji, wala leo nisingekuwa hapa nashika gauni hili. Haya, nipangie wewe msomi, ilikuwa heri au shari?" Akalitupa gauni upande wa yaliyokataliwa. "Mwanangu, mtoto wa watu usimshauri jambo ambalo hutalibeba naye."

Nilimshauri.

Njiani kurudi bwenini nilimkumbuka tena Shangazi Mwanajuma. Alipoposwa aliweka sharti mbele ya kadhi: hataacha kufundisha. Likaandikwa. Akafundisha mpaka macho yalipomshinda. Basi Alhamisi nikamwambia Shirin: usikatae wala usikubali. Omba shule iandikwe kwenye mkataba wa nikaha. Ni haki yako, hakuna wa kukuambia umekufuru. Kama ana nia ataandika. Asipoandika, utakuwa umemjua.

Nilijiona nina akili sana.

Ijumaa Shirin alilisema mwenyewe, simu ikiwa wazi katikati ya sebule, baba yupo, mama yupo, ami yake yupo. Yule bwana akasema: "Mwanamke wa kuniandikia masharti hata hajaniona, simtaki." Akakata.

Posa ikafia hapo. Baba akatoka nje. Ami akaichukua simu ya Shirin.

Parwin alipopata habari jana asubuhi alicheka, akalia, akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Halafu mama yao akapiga. Niliona uso wa Parwin ukibadilika. Hakutaka kunitafsiria, nikamlazimisha.

"Mwambie rafiki yako," mama alisema, "yeye ana kwao pa kurudi, na anarudi akiwa na cheti. Binti yangu alijiwa na mtu mmoja tu wa kumtoa hapa. Sasa nani atakuja?"

Huyu ndiye mama aliyekaa mlangoni mwaka mzima akinilindia somo.



Leo mchana ujumbe wa sauti umeingia. Shirin, kwa simu yake mwenyewe. Nimeusikiliza nimesimama.

"Mwalimu, mama amekuambia maneno, najua. Usiyaweke moyoni. Mimi nilijua atakataa. Nilitaka baba asikie kwa masikio yake." Hapo akapumua. "Baba hajasema nami tangu juzi. Lakini simu ameichukua kwa ami, akaja akaiweka juu ya mto wangu, akatoka. Mama amesema hatakaa mlangoni tena. Kwa hiyo nitaongea kwa sauti ya chini. Kesho tuko?"

Nimeurudia mara tano. Alijua kweli, au ananifariji? Mara nasikia msichana aliyefanya hesabu zake akamzidi kila mtu ndani ya nyumba ile, mimi nikiwemo. Mara nasikia mtoto aliyepoteza njia kwa sababu ya ujuaji wangu, na sasa ananionea huruma. Sauti ni ileile.

Baba aliyeiweka simu juu ya mto alimaanisha nini? Soma? Au alichoka tu?

Parwin anasema niendelee, eti nikiacha watawala wale wameshinda. Ni rahisi kusema. Mlango ule sasa hauna mtu, na mtu akikamatwa hatakuwa Parwin, sitakuwa mimi. Nikiendelea namtia hatarini. Nikiacha, nimekuwa mtu mwingine tena aliyemfungia shule.

Nimeandika "Tuko." Nikafuta. Nikaandika "Tupumzike kwanza wiki mbili." Nikafuta hiyo pia, kwa haraka zaidi.

Kisha nikaandika "Tuko," nikatuma kabla mkono haujageuka.

Kama nimekosea, Mungu anisamehe. Kama sijakosea, anijulishe, maana mimi sijui.