Mama, Tulikuzika Siku ya Sabato

Mama,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda nikinuna kimya kimya.

Tulikuzika Jumamosi, kama watu wote huku wanavyozikwa. Ijumaa jioni mwili wako ulikuwa umefika nyumbani, hema limesimama, akina mama wa kanisa letu wanaimba. Ndipo wakaingia watu nisiowajua kutoka kanisa moja la Mamboleo. Aliyewaongoza, Mama Apiyo, akanishika mkono: "Dada, kesho ni Sabato. Tafadhali, azikwe Jumapili. Mama yako alibatizwa kwetu, ziwani."

Nikacheka. Haki ya Mungu, Mama, nilicheka mbele ya jeneza lako! Nikamwambia amekosea matanga.

Akanionyesha picha kwenye simu. Wewe huyo, umelowa mpaka kichwani, meno yote nje. Mimi sijawahi kukuona na furaha kama hiyo.

Kumbe ndizo zile Jumamosi ulizosema unabaki nyumbani! Mimi niko soko la Kibuye nauza nguo peke yangu, nakuhurumia ati magoti yanakuuma, jioni nakuletea dawa ya kuchua. Halafu Jumapili unavaa sare yako, unakaa kando yangu kanisani, tunaimba kutoka kitabu kimoja. Ulinidanganya kwa macho makavu, Mama. Mimi, mtoto wako wa pekee, niliyekuambia mpaka siri za ndoa yangu! Eti ulimwambia Mama Apiyo kwamba ningeumia. Na sasa je?

Sikuahirisha mazishi. Wageni walishafika, na hasira ilikuwa imenipanda. Wenzako walisimama nje ya lango mpaka tukamaliza. Hawakuimba, hawakutupa udongo. Walilia tu, na mimi nikawaonea wivu, kwa sababu walikuwa wanamlilia mtu wanayemjua.

Sasa mwaka unakaribia kutimia na kasisi anataka ibada ya ukumbusho iwe Jumamosi, tuweke msalaba kaburini. Nimekataa. Itakuwa Jumapili alasiri, na Mama Apiyo ataomba pamoja naye. Kasisi amekunja uso, akunje tu.

Usidhani nimekusamehe. Bado. Nitakuja hiyo Jumapili na hasira yangu, na nitakuimbia hivyo hivyo. Pumzika, Mama. Lakini ungeniambia. Ningekuja ziwani nikushikie taulo.

Mwanao,
Atieno