Nyumbani au Taasisi

Jumatatu, 3 Machi

Rundo la tafiti limetua mezani. Kazi yenyewe: soma, kisha uamue kila utafiti ulifanyiwa wapi katika jamii — nyumbani, shuleni, nyumba ya ibada, zahanati, taasisi. Mimi nasoma kivyangu, mwenzangu tunayemwita Miwani anasoma kivyake, Jumatano tunalinganisha. Mmoja ulihusu mazoezi ya viungo kwa wanaoishi kwenye makao ya wazee. Nikaandika "nyumbani". Hata sikufikiri.

Nimefika tu nyumbani, Shangazi kapiga simu. Kaka yake hajambo? Hajambo, amepumzika chumbani kwake. Uongo mtupu! Baba yuko makao ya wazee tangu Januari. Sijamwambia mtu, si ndugu, si jirani. Chumbani kwake naanika nguo.

Jumatano, 5 Machi

Aibu tupu. Miwani kaandika "taasisi". Nikaja juu kama mtu aliyetukaniwa ukoo! Wana vitanda vyao, nikasema, wana picha zao ukutani, pale ni kwao. Miwani akafungua mwongozo, akasoma taratibu: nyumbani ni pale mtu anapoamua mwenyewe nani aingie na saa ngapi ale. Sentensi hiyo niliiandika mimi! Mwaka jana, na nilijisifu wiki nzima. Akauliza, hao wazee mlango wanafunga wenyewe? Nikapaza sauti tena. Mbona mkali hivyo, akasema, kwani una hisa huko? Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda chooni kunawa uso. Tumeuacha kiporo hadi Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Baba. Nilijiapia sitaangalia mlango. Nikaangalia. Kwa ndani hauna komeo.

Mhudumu akaingia bila hodi — mtu mwema, mcheshi — na chakula cha mchana saa tano, maana Jumamosi mpishi anawahi kuondoka. Baba akala. Baba! Aliyekuwa akitufokea tukisukuma mlango wake bila kubisha. Nimekuwa mwanafunzi wa bweni, akaniambia, bado sare tu. Nilicheka ili nisilie.

Nilimpeleka kwa sababu aliacha jiko likiwaka nikiwa kazini, tena si mara moja. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka, na usiku ule wa kwanza bila yeye nililala usingizi wa pono. Hilo ndilo linalonitafuna.

Nikiaga, akanishika mkono. Dada yake amempigia. Amemjibu yuko kwangu, anakula vizuri. Nami niseme hivyohivyo, tusije tukapishana maneno. Hataki ndugu wanisemeseme. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzazi wangu, kwa umri ule, anajifunza uongo kwa ajili yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadilisha. "Taasisi." Miwani alikuja amejiandaa kwa ugomvi, akabaki mdomo wazi. Nikamwambia tu: Baba yangu anaishi mahali kama hapo. Akavua miwani, akaifuta. Afadhali angenitukana. Njia nzima nikawa napanga — leo nampigia Shangazi, leo namwambia.

Nafika, Shangazi huyu hapa mlangoni na mkoba wake! Amekuja kumsalimia kaka yake bila taarifa, eti kumfurahisha. Maneno yote niliyopanga yakayeyuka. Nikasema naweka chai. Na kweli naweka chai. Naandika nimesimama jikoni, birika halijachemka. Yeye kaenda moja kwa moja chumbani. Namsikia anasogeza nguo kwenye kamba. Ananiita? Hapana — anapiga simu. Kwa spika, kama kawaida yake, nyumba nzima isikie.

"Kaka, uko wapi?"

"Nipo, dada. Nipo kwa mwanangu, nimejilaza chumbani."

Nasikia kitanda kinalia: Shangazi ameketi.

"Chumbani kwako?"

"Ndiyo, kitandani hapa. Sasa hivi tu ameniletea chai."