Dawa ya Kucha Bila Lebo

Milcah, githeri iko kwa sufuria. Usioshe vyombo na hicho kidole, na using'oe kucha ya bandia yenye imebaki.

Asubuhi ulivyosema inachoma nilicheka. Nilidhani unanilipizia ile siku nilikupaka kiwi ya viatu kwa uso ukilala. Kumbe unalia kweli. Hiyo dawa ya kubandika kucha nilinunua tao, wakanipimia kwa kachupa kenye hakana lebo, juu ya bei rahisi. Na mwalimu wetu wa kozi ya kucha alishatukataza dawa za kupimiwa.

~~Usiambie Mama.~~ Ambia Mama. Atasema kwanza niliacha chuo, sasa nachoma mtoto wake. Wacha aseme.

Nimepelekea mwalimu hiyo chupa huko Parklands, aniambie ni nini nilikuwekea. Kidole kikifura usiningoje, enda kliniki.

Sista yako mkubwa,
Awuor