Kabla ya Chungu cha Jumamosi

Kwapa, Tororo
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Egau,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Juba, na kwamba kile kidole ulichokiumiza kazini kimepona. Sisi tu wazima. Magoti yangu hunisumbua asubuhi tu, na mahindi yanaendelea vizuri ingawa mvua imepungua.

Nimempa Nasrudin, dereva wa lori wa Busia, akukabidhi barua hii mkononi. Sikutaka kupiga simu, kwa kuwa wewe hupokea kwa kipaza sauti na kibanda kizima kikasikia.

Habari ni ya mkeo, na ameniruhusu kukuandikia. Siku za Marion zimechelewa kwa siku tisa. Kupima hataki bado. Zile mimba mbili zilizoharibika zilikuwa zimetangazwa mapema, na safari hii hataki mtu ajue mpaka mwezi wa nne upite. Namwelewa.

Unajua kwamba mimi shangazi yako, tangu nistaafu ualimu, nawashauri wanawake katika zahanati. Nimewafundisha kwamba pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni, kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba asiyetumia njia ya uzazi wa mpango asingoje kujua kama ana mimba ndipo aache. Hayo ni sahihi. Nilikosea jambo moja. Niliwaambia wakatae mrija wa kunywea pombe chunguni, nisifikiri kwamba hapa kwetu mwanamke kijana akikataa mrija huwa ametangaza mimba.

Jumanne, baada ya kulima shamba la mama yako, ajono, pombe yetu ya ulezi, ilitolewa na wanawake wakazunguka chungu. Marion akausukuma mrija. Mama yako akasema mbele ya wote, "Mkamwana, umenificha mjukuu tangu lini?" Mwingine akadakia, "Kumbe Egau hakuondoka na mizigo yote." Wakacheka. Marion akauchukua mrija, akanywa mpaka wakanyamaza.

Kesho yake alikuja kwangu akilia. Nilimwambia kwamba kilichonywewa hakirudi, ila kuacha leo bado kunamfaa mtoto, kama yupo.

Alhamisi nilikwenda kwa baba yako mdogo Ojulong, walikokuwa wamezunguka chungu, nikaukataa mrija mimi mwenyewe. "Dada, nawe una mimba?" akaniuliza. Nilimjibu kwamba nina miaka sitini na minane, na asiyejua kuhesabu asiulize. Nilitaka kukataa kuwe jambo la kawaida. Wanawake wawili waliweka mirija yao chini. Wawili hawatoshi.

Jumamosi ijayo mtoto wa ndugu yako Osinya anapewa jina. Mama yako amekwisha kusema kwamba mke wa boma asiyeshika mrija siku hiyo amemkataa mtoto. Nilizungumza naye. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaendelea kuanika kimea.

Kwa hiyo mpigie mama yako kabla ya Ijumaa. Mwambie kwamba wewe ndiwe uliyemkataza Marion pombe mpaka urudi, na usieleze sababu. Akikasirika, akukasirikie wewe uliye mbali.

Nawe huna mikono safi. Ulipokuwa likizo mwezi uliopita ulimletea Marion waragi, ile pombe kali, kila jioni, huku mkitafuta mtoto. Usiniambie kwamba hukujua, maana nilikuambia. Ikionekana kwamba hana mimba, kaeni mchague: kuacha pombe, au kupanga uzazi mpaka mtakapoiacha. Uamuzi huo ni wenu wawili, si wa Marion peke yake.

Usipopiga simu, Jumamosi nitaketi kando yake na kukataa pamoja naye. Mimi wataniacha kwa ajili ya mvi zangu. Yeye hawatamwacha.

Msalimu Rasto na mkewe Maggie. Mungu akushike unapopanda juu ya majengo, na ailinde nyumba yako huku.

Shangazi yako akupendaye hata anapokugombeza,
Provia